Ukarabati wa nyumba Karema: Fedha ya kutanguliza ndiyo inayovunja mapatano

MVUA zinapokatika mwezi Mei, shughuli mbili huanza karibu kwa pamoja Karema, wilayani Tanganyika, mkoani Katavi. Ya kwanza ni kuvuna na kuuza mazao. Ya pili ni kutengeneza nyumba: kuezua mabati yaliyotoboka, kuziba nyufa, kupiga ripu na kumwaga sakafu kabla mvua za Novemba hazijarudi. Fedha ya shughuli ya kwanza ndiyo inayolipia ya pili, na hapo ndipo hasara nyingi za kaya zinapozaliwa.

Malalamiko yanayosikika kila msimu yanafanana. Mwenye nyumba husema fundi kachukua nusu ya fedha, kaezua paa, halafu kahamia kwenye kazi nyingine. Fundi naye husema mwenye nyumba kaishiwa fedha katikati ya kazi, kaongeza chumba ambacho hakikuwamo kwenye mapatano, na sasa anataka kazi iishe kwa bei ileile. Kila upande huliona tatizo kuwa ni tabia mbaya ya upande wa pili.

Zipo tabia mbaya, hilo halina ubishi. Hata hivyo, ukiitazama hesabu yenyewe utaona kwamba mapatano mengi huvunjika kwa sababu ya jinsi fedha inavyotolewa, hata pale ambapo pande zote mbili zilianza kwa nia njema. Mkulima anayetoa fedha nyingi siku ya kwanza huwa ameshajiondolea nguvu yake yote kabla kijiko cha kwanza cha saruji hakijapakwa ukutani.

Mkopo usio na dhamana

Fedha anayotanguliziwa fundi, ambayo wengi huiita advansi, kiuchumi ni mkopo. Mkulima anamkopesha fundi bila riba, bila dhamana na mara nyingi bila maandishi. Mkulima huyohuyo akienda benki au kwenye chama cha kuweka na kukopa kuomba kiasi hichohicho, ataulizwa dhamana, wadhamini na tarehe ya kurejesha. Yeye kwa fundi haulizi lolote.

Fundi akishaipokea fedha hiyo, huwa na mambo matatu yanayomngoja. Kwanza ni chakula cha nyumbani kwake. Pili ni vibarua wanaomdai. Tatu, na hili ndilo kubwa, ni nyumba ya mteja aliyetangulia ambayo haijaisha, kwa kuwa fedha yake ilitumika kumalizia nyumba ya mteja aliyekuwa kabla yake. Hivyo advansi ya nyumba ya pili inamalizia nyumba ya kwanza, na advansi ya nyumba ya tatu inamalizia nyumba ya pili. Mnyororo huu hufanya kazi vizuri maadamu wateja wapya wanakuja. Wateja wakikoma, kwa mfano mvua zinapokaribia, mteja wa mwisho ndiye anayebaki na kuta zisizo na paa.

Hapa fundi si lazima awe tapeli. Ni mfanyabiashara mdogo asiye na mtaji, anayetumia mtaji wa wateja wake. Dawa ya jambo hilo ni kupanga malipo ili mtaji wa mkulima usitoke mikononi mwake kabla kazi yenye thamani ileile haijaonekana. Ugomvi hautaleta dawa hiyo.

Serikali inavyolipa wakandarasi

Wakazi wa Karema wameona kwa macho yao kazi kubwa ya ujenzi. Bandari ya Karema, iliyoanza kujengwa mwaka 2019 chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania kwa gharama ya zaidi ya Sh bilioni 47, ililengwa kuhudumia mizigo inayovuka Ziwa Tanganyika kwenda Moba na Kalemie, nchini Kongo. Bandari kama hiyo huamsha mahitaji ya vyumba vya kupanga, stoo na migahawa, na kwa hiyo huongeza idadi ya wenye nyumba wanaotafuta mafundi.

Mikataba ya Serikali ya aina hiyo ina kanuni ambazo mkulima anaweza kuziazima bila gharama yoyote. Malipo ya awali kwa kawaida hutolewa tu pale mkandarasi anapoleta dhamana, mara nyingi ya benki. Malipo yanayofuata hutolewa kwa kazi iliyokwisha kupimwa na mhandisi kuthibitisha. Sehemu ya kila malipo huzuiwa, na baada ya kazi kukamilika huwapo kipindi cha matazamio, ambapo mkandarasi huwajibika kurekebisha kasoro zinazojitokeza. Sehemu iliyozuiwa hutolewa kasoro zikishaondolewa.

Ikiwa Serikali yenye wahandisi na wanasheria hailipi fedha ya kazi ambayo haijafanyika bila dhamana, mkulima asiye na mhandisi wala mwanasheria ana sababu kubwa zaidi ya kutolipa.

Lipo jambo moja la kutenganisha. Mkandarasi kwa maana ya sheria ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyopo chini ya sheria ya mwaka 1997, na makandarasi hao hupangwa kwa madaraja, la kwanza hadi la saba. Fundi wa kijijini kwa kawaida ni mtu binafsi asiyekuwa katika orodha hiyo. Kwa mwenye nyumba maana yake ni kwamba hakuna bodi itakayomsimamia fundi wake. Ulinzi wake ni mapatano yao wawili. Anachoweza kuuliza ni cheti cha VETA, ambayo pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Kilicho bora kuliko cheti ni kwenda kuziona nyumba mbili ambazo fundi huyo alizimaliza, hasa zile zilizokwisha kupigwa na mvua moja, na kuzungumza na wenyewe.

Hatua nne na magunia kumi na matatu

Kulipa kwa hatua kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi sana: kunamruhusu mkulima kuuza mazao yake kwa hatua pia. Chukua mfano wa mkulima wa mpunga aliyepatana ufundi wa Sh 900,000, mbali na vifaa. Tuseme gunia la mpunga mwezi Julai ni Sh 60,000. Akitaka kulipa yote mara moja, atauza magunia 15 wakati bei iko chini kuliko miezi yote.

Akipatana kwa hatua, hesabu inabadilika. Hatua ya kwanza ni kuezua paa la zamani, kuziba nyufa na kuimarisha lenta. Ikimalizika Julai hulipwa Sh 300,000, yaani magunia matano. Hatua ya pili ni kenchi na mabati. Ikimalizika Septemba, gunia likiwa limefika Sh 70,000, hulipwa Sh 350,000, yaani magunia mengine matano. Hatua ya tatu ni ripu na sakafu. Ikimalizika Oktoba, gunia likiwa Sh 80,000, hulipwa Sh 160,000, yaani magunia mawili. Hatua ya nne ni asilimia kumi iliyozuiwa, Sh 90,000, inayolipwa baada ya mvua kubwa za kwanza. Gunia likiwa Sh 90,000 wakati huo, litauzwa gunia moja tu.

Jumla ni magunia 13 badala ya 15. Bei hizi ni za mfano tu, na bei inaweza kukataa kupanda. Lakini hata isipopanda mkulima hapotezi chochote kwa mpango huu kama ghala lake ni kavu na panya hawaingii. Ikipanda, magunia mawili yamebaki nyumbani. Fundi naye amepata Sh 900,000 zake kamili.

Hatua ya nne ndiyo inayozua ubishi zaidi, na ndiyo muhimu zaidi. Kwa kazi ya paa hakuna mkaguzi anayeipita mvua. Msumari uliopigwa vibaya, kofia isiyofunika vizuri na bati lililopandishwa kidogo mno havionekani Septemba jua likiwaka. Vinaonekana Desemba. Fundi anayeiamini kazi yake hana sababu ya kuikataa asilimia kumi ya kungojea mvua, alimradi tarehe ya mwisho imeandikwa, kwa mfano Januari 15, ili mwenye nyumba naye asiigeuze kuwa deni lisilolipika.

Haki ya fundi nayo iangaliwe. Asiyetangulizwa chochote hawezi kuwalisha vibarua wake. Njia ya katikati ni kumpa posho ndogo ya kila wiki, inayoandikwa na kukatwa kwenye malipo ya hatua anayoifanya. Hivyo deni haliwi kubwa kuliko kazi ya wiki moja, na akiondoka, hasara ni ya wiki moja.

Aina ya kazi nayo huamua namna ya kulipa. Kazi inayopimika, kama ripu kwa mita ya mraba, ilipwe kwa kipimo. Kazi iliyojificha, kama kukagua mbao za paa zilizoliwa na mchwa, ni vigumu kuipatia bei kabla paa halijafunguliwa. Hiyo ni afadhali ilipwe kwa siku, kisha bei ya kilichobaki ipangwe upya pande zote zikiwa zimeona. Nyongeza yoyote, hata dirisha moja, iandikwe na ipewe bei kabla haijaanza. Nyongeza isiyo na bei ndiyo mzazi wa ugomvi wa siku ya mwisho.

Mvuvi na kiangazi kisicho na fedha

Kwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa na migebuka, kalenda ni ngumu zaidi. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, ambazo ni Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, shughuli za uvuvi zilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kipindi hicho ndicho hasa kiangazi cha kufanyia ujenzi. Yaani mkulima anapata fedha wakati nyumba inaweza kutengenezwa, lakini mvuvi anapata siku nzuri za kujenga wakati mfuko wake mtupu.

Anayetegemea ziwa kwa hiyo asianze kazi Mei kwa matumaini ya fedha ya Agosti. Lililo salama ni kununua mabati na misumari kidogokidogo kabla ziwa halijafungwa, kwa kuwa vitu hivyo haviharibiki vikitunzwa, kisha kuanza kazi katikati ya Agosti kwa hatua ya paa peke yake. Siku zilizobaki hadi Novemba zinatosha kuezeka nyumba ndogo. Ripu ya ndani inaweza kusubiri, kwa sababu paa zima huilinda. Paa lililo wazi halisubiri.

Saruji ni kinyume cha mabati. Ikikaa miezi mitatu, hata katika stoo kavu, huwa imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake. Inunuliwe karibu na siku ya kutumika, na mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Vifaa: nani anunue, nani ahesabu

Karema iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini, na umbali huo ndio unaowafanya wengi wampe fundi fedha akanunue vifaa. Hapo mwenye nyumba huwa amechanganya mifuko miwili, wa ufundi na wa vifaa, na hawezi tena kujua ni upi uliotoboka. Utaratibu mzuri ni fundi kuandika orodha kamili, mwenye nyumba kuuliza bei katika maduka mawili kwa simu, na malipo kwenda moja kwa moja dukani kwa mtandao wa simu, risiti ikitunzwa. Nauli ya safari moja yenye orodha kamili ni nafuu kuliko safari tatu za vitu vilivyosahauliwa.

Kwenye mabati iandikwe geji, urefu na idadi. Namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene zaidi. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Aliyepatana 28 akaletewa 30 amelipia uzito ambao hakuupata, na kutu itamweleza baada ya miaka michache.

Kwenye ripu, hesabu si ngumu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Mchanganyiko wa moja kwa tano unahitaji lita 175 za mchanga, yaani ndoo tisa za lita 20, pungufu kidogo. Ukuta wa mita za mraba 100 ukipigwa ripu ya unene wa sentimita moja na nusu unahitaji mita moja na nusu za ujazo. Kwa kuwa mchanganyiko mkavu hushuka ukitiwa maji, hesabu inafika kama mita mbili pungufu kidogo, na saruji ni mifuko tisa hadi kumi. Kuta za tofali za kuchoma zisizonyooka hula zaidi, kwa hiyo 11 au 12 si ajabu. Fundi akisema 20, aulizwe sababu. Akisema sita, aulizwe kwa ukali zaidi, kwa kuwa ripu hiyo itabomoka ikiguswa na kidole.

Mwenye nyumba asisahau sehemu yake katika ubora. Tofali ziloweshwe kabla ya kupakwa, na ripu imwagiliwe maji kwa siku zisizopungua saba. Wengi huacha kumwagilia kwa sababu ya umbali wa maji, kisha nyufa zikitokea lawama huenda kwa fundi.

Kabla ya fundi, pima ziwa

Lipo swali ambalo hakuna fundi atakayeliuliza, kwa sababu likijibiwa vibaya anakosa kazi: je, nyumba hiyo inafaa kukarabatiwa pale ilipo? Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, likafunika makazi na miundombinu katika miji ya mwambao kama Bujumbura.

Historia ya Karema yenyewe inafundisha. Wabelgiji walipofungua kituo chao hapo mwaka 1879, ziwa lilikuwa limetoka katika kiwango cha juu sana na maji yalikuwa jirani. Baada ya maji kupata njia kupitia Mto Lukuga upande wa Kongo, ziwa lilishuka mwaka hadi mwaka, na kituo walichokabidhiwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885 kikabaki mbali na ufuko. Ziwa hili huenda na kurudi. Ardhi iliyokauka enzi za babu si ahadi kwa wajukuu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Aliye ndani ya mita hizo, akitumia mavuno ya mwaka mzima kupiga ripu, anaweka mtaji mahali ambapo maji yanaweza kuuchukua na sheria haitamlinda. Huyo aende kwanza ofisi ya kijiji aulizie kiwanja cha juu. Kamba ya mita 60 ni rahisi kuliko mfuko mmoja wa saruji.

Mapatano yakivunjika

Sheria ya Mikataba ya Tanzania haikatai mapatano ya mdomo. Tatizo la mdomo ni ushahidi. Karatasi moja inatosha: majina, kazi itakayofanyika kwa hatua, bei ya kila hatua, nani ananunua nini, tarehe ya kuanza na kumaliza, kiasi cha kuzuiwa na siku ya kukitoa. Pande zote zisaini, na mashahidi wawili. Mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji akiwa mmojawapo, karatasi inapata uzito. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la malipo yenye sahihi ya fundi ni nusu ya kesi.

Fundi akiondoka, hatua ya kwanza ni kumpelekea taarifa ya maandishi ikimpa siku maalumu za kurudi. Hatua ya pili, kabla mtu mwingine hajagusa kazi, ni kuita fundi wa pili na mashahidi wapime kilichofanyika, na picha zipigwe kwa simu. Hatua ya tatu ni kuzuia hasara isiongezeke, kwa mfano kufunika kuta kwa turubai mvua zikikaribia, kwa sababu anayeacha nyumba iharibike makusudi hawezi kudai fidia ya uharibifu ambao angeuzuia.

Kisha usuluhishi wa kijiji, na ukishindikana, mahakama ya mwanzo. Kukimbilia polisi mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa kuvunja mkataba peke yake ni shauri la madai; huwa jinai pale tu inapothibitika kulikuwa na wizi au udanganyifu tangu mwanzo. Na atakayeshinda kesi dhidi ya fundi asiye na kitu atabaki na hukumu mkononi tu. Hiyo ndiyo sababu ya kurudi kwenye hoja ya mwanzo: fedha iliyobaki kwa mwenye nyumba hadi kazi ionekane haihitaji kudaiwa mahakamani.

Msimu ujao wa kiangazi, mkulima au mchuuzi wa Karema atakapoketi na fundi kupatana bei, swali la "ni shilingi ngapi" liende pamoja na swali la "zinatoka lini, na kwa kazi ipi". Fundi mzuri atalipenda swali hilo, kwa kuwa linamhakikishia kwamba fedha yake ipo na itatoka. Asiyelipenda amekwisha kujibu.